Umbo namba nane na fimbo ya Karagwe

Jamani, kuna ubishi nimeuacha Omurushaka bila kuumaliza. Tangu nirudi kazini unanisumbua. Nikikaa niandike habari ya bei ya kahawa, unanijia. Leo nautoa wote, nipate kulala.

Ilikuwa hivi. Nilikwenda nyumbani Karagwe kwa mapumziko mafupi, nikakuta maandalizi ya sendofu ya mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anayeishi upande wa Nkwenda, Kyerwa. Huyu binti namjua tangu tukichunga mbuzi pamoja. Ni mrefu, mwembamba, mabega mapana, mwepesi wa miguu. Safari hii nilipomwona nilishtuka. Uso umekuwa duara, mashavu yamesukuma macho, lakini mikono na miguu ni ileile ya zamani.

Nikamuuliza, "Mdogo wangu, unaumwa?"

Akacheka. "Kaka, nanenepa. Nataka gauni linikae."

Baadaye, watu walipopungua, akanionyesha vidonge vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti. Gazeti, ndugu zangu! Sisi tunaandika usiku kucha, kumbe kazi yetu inaishia kufungia vidonge visivyo na jina. Aliyemuuzia hakumwambia ni dawa gani. Alimwambia ameze viwili asubuhi na viwili jioni, baada ya mwezi atakuwa na umbo namba nane.

Kesho yake nikaupeleka mjadala kijiweni Omurushaka, bila kumtaja mtu. Tukawa tunatafuna kahawa zetu na kubishana. Mara moja zikatokea kambi mbili.

Kambi ya kwanza: umbo ni la Mungu. Aliyezaliwa kimbaumbau atazikwa kimbaumbau, na aliyetoka ukoo wa mabonge asijisumbue kukimbia asubuhi, mbwa watamcheka bure. Kambi ya pili: umbo ni pesa na juhudi. Ukila kwa mpango na ukienda jimu unapata mwili wowote unaoutaka, kama unavyomwagiza fundi cherehani akushonee suti.

Mimi nasema kambi zote mbili zimekosea. Na ushahidi hatuhitaji kuufuata Ulaya. Uko hapahapa kwetu, una zaidi ya miaka 160.

Mwezi Novemba 1861 Mwingereza John Hanning Speke, akiwa na mwenzake James Grant, alifika kwa Omukama Rumanyika, yule ambaye tangu 2019 jina lake liko kwenye Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe. Makao ya Omukama yalikuwa Bweranyange. Speke alikaa hadi Januari 1862, na kitabu cha safari yake kilitoka mwaka 1863. Humo anaeleza jinsi alivyowakuta wanawake wa ikulu wanene kupita kiasi. Aliambiwa sababu bila kufichwa: maziwa. Tangu wakiwa wasichana walishikishwa vibuyu vya maziwa, kwa kuwa fasheni ya ikulu ilikuwa mke mnene.

Speke hakutosheka na kutazama. Alimwomba shemeji mmoja wa Omukama ampime kwa futi, na kwa malipo akakubali kumwonyesha miguu na mikono yake mitupu ya kizungu. Hebu fikiria biashara hiyo! Vipimo vyake nimevigeuza kuwa sentimita: mkono wa juu kama 58, kifua 132, paja 79, ndama ya mguu 51. Kimo alikadiria 173, lakini alikiri hana hakika nacho, kwa sababu mama yule hakuweza kusimama. Alikwenda kwa mikono na magoti.

Pembeni alikaa binti wa mama huyo, wa miaka 16, anakunywa maziwa. Na baba yake alikaa karibu, ameshika fimbo, ili asiache kunywa.

Soma tena hapo. Ameshika fimbo.

Sasa narudi kwa kambi ya kwanza, wale wa "ndivyo tulivyoumbwa". Kama unene wa ikulu ile ungekuwa asili ya damu, fimbo ilikuwa ya nini? Asili haihitaji askari. Omukama mwenyewe na ndugu yake, Speke anawasifu kwa sura njema na kimo. Hasemi kwamba walishindwa kusimama. Kilichowatofautisha na wanawake wao ni kibuyu na kukalishwa ndani. Kwa hiyo chakula kinabadilisha mwili, tena sana. Karagwe ilithibitisha hilo kabla ya vyuo vikuu vingi kuanza kulichunguza.

Lakini kambi ya pili msishangilie. Angalieni kile ambacho maziwa hayakukigusa. Hakuna kibuyu kinachopanua mabega ya mtu mzima wala kumwongezea kimo. Mifupa ikishafunga mwisho wa ujana, imefunga. Upana wa nyonga, urefu wa mapaja na nafasi kati ya mbavu na kiuno ni nguzo za nyumba. Unaweza kupaka rangi, unaweza kujaza samani, nguzo ziko palepale.

Tena hata hizo samani huchagui zikae chumba gani. Mwaka 1990 mtafiti Claude Bouchard na wenzake wa Chuo Kikuu cha Laval, Canada, walichapisha jaribio ninalolipenda sana. Walichukua jozi 12 za vijana wa kiume, mapacha wa kufanana, wakawalisha kalori 1,000 za ziada kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa muda wa siku 100. Ni fimbo ya Karagwe, ila ya hiari na yenye daftari. Kwa wastani kila kijana aliongezeka kilo 8.1. Lakini kuna aliyeongezeka kilo 4.3 tu na kuna aliyeongezeka 13.3, kwa nyongeza ileile! Na mapacha wa jozi moja walifanana, kwa kilo na kwa mahali mafuta yalipokwenda kukaa.

Mwaka 1994 wakageuza. Jozi 7 za mapacha waliendesha baiskeli za mazoezi katika kipindi cha siku 93, chakula chao kikabaki kilekile. Kwa wastani walipungua kilo 5. Hapa pia, pacha alifanana na pacha wake.

Jibu ndilo hilo. Kwamba utaongezeka au utapungua, hilo linategemea sahani na jasho. Kwamba utaongezeka kiasi gani na wapi, hapo damu ya ukoo ina kauli kubwa. Vijana wetu wanaosukuma baiskeli za ndizi kwenye vilima vya Kyerwa wanalijua hili bila kusoma. Wote wana mapaja ya chuma. Hawana umbo moja.

Ndiyo maana yule jamaa wa kijiweni anayepiga tumbo mia kila asubuhi ili kitambi kiondoke atangoja sana. Mazoezi ya tumbo yanajenga misuli ya tumbo, mafuta yaliyo juu yake hayaondoki kwa sababu misuli ya chini yake imechoka. Yanaondoka mwili mzima ukitumia zaidi ya unachokula, na mwili wenyewe ndio unaopanga foleni ya wapi paanze. Mazoezi yana faida nyingine kubwa: moyo, sukari, presha, usingizi, mgongo. Kwa hiyo piga tu, ndugu yangu, ila usiyadai yakupe mwili wa mtu mwingine.

Sasa nafika kwenye jambo linaloniudhi kweli.

Tunapenda kusema "asili" hata pale tulipoharibu kwa mikono yetu. Kagera ni mkoa wa ndizi. Mgeni akija anaona kijani kila upande, anadhani hapa hakuna njaa. Lakini uchunguzi wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta karibu asilimia 34 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Kagera wamedumaa, wakati wastani wa taifa ni 30. Zaidi ya mtoto mmoja kati ya watatu! Sababu ni nyingi, yakiwemo maradhi ya mara kwa mara na mama kutokula vizuri akiwa mjamzito. Lakini sahani nayo imo. Ndizi inashibisha, tumbo linajaa, ila protini yake ni kidogo sana. Maharage tunayolima wenyewe yanapanda lori. Yai linauzwa ili inunuliwe soda. Maziwa yanakwenda mjini. Mtoto anabaki na ndizi na mchuzi, na akiwa mfupi kuliko inavyompasa tunasema kwa fahari, "ndivyo ukoo wetu ulivyo, hata babu alikuwa mfupi."

Inawezekana babu naye alinyimwa yai.

Sisemi kila mtu mfupi amedumaa. Wapo wafupi wa ukoo, wazima kabisa, na hawana deni na mtu. Nasema kuna dirisha moja tu ambalo chakula kinagusa hata nguzo za nyumba, nalo ni utotoni, hasa zile siku 1,000 za kwanza, tangu mimba hadi miaka miwili. Hapo yai na kikombe cha maziwa vinafanya kazi ambayo jimu ya Dar es Salaam haitaifanya miaka 25 baadaye. Tunalipita dirisha hilo tukiwa tumelala, halafu tukiamka ukubwani tunakimbilia vidonge.

Turudi kwa mdogo wangu. Nilimbembeleza hadi tukaenda kwa daktari. Alimuuliza maswali, akampima presha na sukari, akamwambia kwamba uso ule ni dalili ya dawa za steroidi. Ni dawa za kweli, zinaokoa wagonjwa wa pumu na wengine wengi. Lakini ukizimeza kama karanga zinapandisha sukari na presha, zinadhoofisha mifupa na kinga, na zinajaza mafuta na maji usoni na tumboni. Hazijui nyonga wala namba nane. Na baya zaidi, ukizizoea huwezi kuziacha ghafla, maana mwili umeshasahau kutengeneza homoni zake wenyewe. Daktari akampangia kupunguza kidogo kidogo, chini ya uangalizi. Yule binti mwepesi wa miguu akalia, na mimi nikatazama ukutani.

Tulipotoka nikamuuliza nani alimwambia mwili wake haufai. Mchumba? Akasema hapana, mchumba hajawahi kusema neno. Basi nani? Akaanza kuhesabu: shangazi mmoja kwenye kikao, mashoga zake, fundi wa gauni, picha za kwenye simu. Hakuna hata mmoja aliyeshika fimbo mkononi. Lakini fimbo ilikuwepo.

Hapo ndipo nilipomkumbuka binti wa miaka 16 wa mwaka 1861. Tunamcheka Rumanyika na vibuyu vyake, tunaona watu wa kale walikuwa washamba. Wao walau walisema waziwazi kwamba ni fasheni ya ikulu, na mwenye fimbo alionekana. Sisi fimbo tumeificha, halafu tunamwambia binti ni uamuzi wake. Leo anaambiwa ajaze nyonga, kesho fasheni ikigeuka ataambiwa akonde awe modo, na atakayemuuzia dawa ya kukonda anaweza kuwa mtu yuleyule wa dawa ya kunenepa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kula vizuri na tokwa jasho, mwili utabadilika, utapungua au utajaa, na utakuwa na nguvu. Usitegemee utabadilishwa ukawa wa jirani. Ukitaka kubadilisha maumbo ya watu wa Karagwe na Kyerwa kweli kweli, anza na mama mjamzito na mtoto wa mwaka mmoja, bakiza maharage nyumbani kabla ya lori kuja. Na ukimwona binti ana afya zake, funga mdomo kuhusu nyonga zake. Shangazi zangu, nawaheshimu sana, lakini hili nawaambieni ninyi kwanza.

Sendofu ilifanyika. Fundi alilipunguza gauni pembeni, likamkaa vizuri tu. Uso bado haujarudi sawasawa, daktari kasema utachukua muda. Alicheza hadi saa saba usiku, na mabega yake yaleyale mapana.

Anayebisha anajua pa kunipata. Mwezi wa Desemba nitakuwa Omurushaka, kahawa juu yangu.