Funguo za Ghala na Funguo za Kumbukumbu

Kizota, Dodoma, yapo maghala ya akiba ya chakula ya taifa. Si busara ufunguo mmoja uyafungue yote. Kumbukumbu za ofisi nazo ni hivyo hivyo.

Shirika kubwa huwa na mitandao kadhaa ya kompyuta, kila mmoja ukiwa na orodha yake ya watumishi na ruhusa zao. Programu ya utafutaji huisoma yote na kutunga faharasa moja. Hapo ndipo penye hatari: programu huruhusiwa kusoma kila hati, anayeuliza hana haki hiyo. Hata kichwa cha jalada chaweza kufichua siri.

Njia ni mbili. Kunakili ruhusa ndani ya faharasa ni haraka, lakini ruhusa iliyofutwa leo yaweza kubaki humo hadi nakala ifanywe upya. Kuuliza mtandao wenye hati kila mara ni hakika, lakini huchelewesha. Naona zitumike pamoja: ya kwanza ichuje, ya pili ithibitishe. Mtumishi asiyetambulika katika mtandao wa pili anyimwe.

Tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Afadhali jibu pungufu kuliko siri iliyovuja.