AFYA YA FAMILIA: Homa Isiyoisha na Fizi Zinazotoka Damu

Mwezi huu tuzungumzie ugonjwa ambao mara nyingi hutibiwa kwa jina lisilo lake.

Baba ana homa. Anapewa dawa ya malaria, anapata nafuu kidogo, kisha homa inarudi. Amepauka, anahema akitembea kidogo, fizi zinatoka damu apigapo mswaki, na miguuni kuna vidoadoa vyekundu. Jirani anashauri dawa ya kuongeza damu. Wiki zinapita. Huenda ni malaria kweli, lakini dalili hizo zikikutana tusirudi tena duka la dawa. Twende hospitali tukaombe kipimo cha picha kamili ya damu.

Saratani ya damu iitwayo lukemia kali ya mieloidi huanzia kwenye uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Chembechembe changa huzaana ovyo na kuzinyima nafasi zile nzima. Ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa damu, hushambuliwa na maradhi na hutokwa damu. Huwapata zaidi wenye miaka 60 na kuendelea, ingawa vijana nao hupatwa. Hauambukizi, wala si laana.

Picha ya damu ikitia shaka, daktari huitazama damu kwa hadubini. Kisha hutia ganzi na kuchota uboho kidogo kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga. Kwa kawaida chembechembe changa zikifika 20 katika kila 100, ugonjwa umethibitika. Tuulize na aina yake. Ile ya promielositi huweza kuua kwa siku chache kwa kuvuja damu, lakini ikiwahiwa kwa dawa ya jamii ya vitamini A pamoja na aseniki, wengi hupona kabisa.

Kwa aina nyingine, mwenye nguvu hulazwa na kupewa sitarabini siku 7 na daunorubisini siku 3. Baadaye dawa hurudiwa, na wengine hupandikizwa uboho. Wazee dhaifu hupewa dawa zisizo kali sana. Si wote wanaopona, lakini anayechelewa hupoteza nafasi aliyokuwa nayo.

Nasi tuna kazi. Wakati wa dawa hizo kinga hushuka sana, hivyo homa ya nyuzi 38 ni ya kukimbizwa hospitali hata usiku wa manane. Chakula kiive vizuri, mikono ioshwe, wageni wenye mafua wangoje. Ndugu wachangie damu kwa zamu, wasije wote siku moja, maana chembe sahani zinazozuia damu kutoka huhifadhika siku chache tu. Umoja wa akina mama kanisani unaweza kupanga zamu hizo.

Tuombe bila kuchoka, lakini tusimwachishe mgonjwa dawa kwa sababu ya maombi. Luka, mwenzi wa Paulo, alikuwa tabibu.