Wauza kompyuta, waelezeni vijana ukweli



Kuna jambo linalowapotezea vijana wetu fedha: kununua kadi ya picha mpya yenye nguvu na kuifunga kwenye kompyuta yenye prosesa ya zamani.

Vipo vikundi vya vijana vinavyohariri video za harusi na kuendesha vibanda vya gemu, na vingine huanza kwa mikopo isiyo na riba ya halmashauri. Kompyuta wanazozimudu ni zile zilizokwisha kutumika maofisini. Mashine ikiwa nzito huambiwa, "Wekeni kadi mpya, itakimbia." Maneno hayo ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli yaweza kumfilisi mtu.

Katika gemu, prosesa ndiyo inayopanga kazi na kuipa kadi maagizo ya kila picha. Kadi huchora tu. Ikiwa prosesa inaweza kuandaa picha 50 kwa sekunde, kadi yenye uwezo wa kuchora 120 itachora hizo hizo 50. Mpishi hata awe hodari namna gani, hawezi kusonga ugali wakati mahindi bado yako mashineni.

Nitoe mfano. Prosesa ya Intel Core i5-2400 ilitoka mwaka 2011. Kadi ya Nvidia RTX 4060 ilitoka mwaka 2023 kwa bei ya kuanzia dola 299 huko Marekani. Kadi hiyo huwasiliana na mashine kwa njia 8 tu za PCIe za kizazi cha 4. Mashine ya mwaka 2011 ina kizazi cha 2, ambacho kila njia yake hupitisha kama robo tu ya mzigo huo. Aidha, Nvidia hupendekeza umeme wa wati 550, ilhali kompyuta nyingi za ofisi za wakati ule zilikuja na kisanduku cha umeme kisichofika wati 300, tena bila waya wa kulisha kadi.

Bei ndogo nayo isitudanganye. Kadi ya Intel Arc B580 ilitoka Desemba 2024 kwa dola 249. Mwezi uliofuata wapimaji walionyesha kuwa inapoteza kasi nyingi ikifungwa na prosesa za zamani kama Ryzen 5 2600 ya mwaka 2018. Hivyo kadi inayomvutia mwenye mfuko mdogo ndiyo inayodai prosesa mpya.

Sisemi kwamba prosesa ya zamani ni ya kutupwa. Zipo kazi ambazo kadi huzifanya karibu peke yake, kama kutoa picha za Blender. Muhimu ni kupima kwanza. Punguza ukubwa wa picha katika gemu. Kasi isipopanda, kikwazo ni prosesa, na kadi mpya haitakusaidia. Ikipanda sana, kadi ndiyo iliyochoka, na hapo una sababu ya kununua.

Kwa hiyo natoa wito. Wauzaji, ulizeni mteja ana prosesa gani na umeme wa wati ngapi kabla ya kupokea fedha yake. Maofisa maendeleo ya jamii, kikundi kinapoomba mkopo wa vifaa, kitakeni kiandike mashine nzima, siyo kadi peke yake. Nanyi vijana, afadhali mashine ya wastani iliyolingana kuliko kadi moja ya fahari. Mkopo hurejeshwa kwa kazi iliyofanyika, wala marejesho hayasubiri mashine ipate nguvu.

Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa, Morogoro.