Picha za Safari Zilizotangulia Bendera
Katika karne ya 19, kitabu cha safari chenye picha kilikuwa miongoni mwa nyenzo zilizoitangulia bendera ya mkoloni, na mfano ulio wazi ni majuzuu mawili ya Henry Morton Stanley, Through the Dark Continent, yaliyotoka mwaka 1878 baada ya msafara wake ulioondoka Bagamoyo Novemba 1874 na kufika Boma, karibu na mlango wa Mto Kongo, Agosti 1877. Stanley alibeba kamera, lakini kwa kuwa mitambo ya wakati huo haikuweza kuchapa picha na maandishi pamoja kwa urahisi, kazi yake ilinakiliwa na wachongaji wa Ulaya juu ya vipande vya mbao ngumu ambavyo kisha vilipakwa wino, ufundi uliompa nafasi ya kuongeza au kupunguza hata mtu asiyewahi kuiona Afrika. Hivyo pambano la mwaka 1877 kwenye makutano ya Mto Aruwimi na Kongo lilimfikia msomaji kama shambulio la mitumbwi ya wenyeji, si kama ulinzi wa watu walioingiliwa na wageni wenye bunduki. Na wangwana wa Unguja, yaani waungwana na wapagazi wa pwani walioubeba msafara mabegani, wengi wao walibaki umati usio na majina katika picha hizo, dhuluma ambayo haijasahihishwa vya kutosha. Mwaka 1879 Stanley alirudi Kongo akiwa ameajiriwa na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, akafungua vituo na kukusanya mikataba ya machifu, na kufikia mwaka 1885 sehemu kubwa ya bonde la mto huo ilikuwa milki ya mfalme ambaye hakuwahi kuikanyaga.