Tuandike Wasia Tungali Hai: Wito kwa Watu wa Tunduma na Mkoa wa Songwe

Ndugu zangu wa Tunduma, wa Vwawa na Mlowo, wa Ileje kwenye milima ya mpaka wa Malawi, wa Momba hadi bonde la Rukwa, na ninyi wa Mkwajuni mnaochimba dhahabu, nawaandikia juu ya jambo ambalo aghalabu hatulitaji ila siku za matanga, tena kwa sauti za ugomvi: mali ya marehemu ni ya nani, nani aishike, na nani atolewe nyumbani. Naomba, kwa taadhima yote wanayostahili wazee wetu, tulizungumze sasa, wakati wenye mali wangali hai na akili zao timamu, na tulizungumze katika koo na mitaa, wala si kila mtu kwa siri yake; kwa maana dhuluma ya mirathi hutendwa na ukoo mzima, ama kwa mikono ama kwa kunyamaza, na haitaondoka ila ukoo mzima ukiikataa.

Mji wetu ni mji wa biashara. Tangu reli ya TAZARA ilipoanza kazi katika miaka ya sabini, na zaidi tangu kituo cha huduma kwa pamoja mpakani kilipozinduliwa mwaka 2019, mtu wa Tunduma huwa na kibanda sokoni, kiwanja alichokinunua kwa karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mwenyekiti wa mtaa, salio katika simu, fedha alizomkopesha mwenzake wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, kwa kuaminiana tu, shehena iliyo njiani, na shamba la kahawa Mbozi alilopewa na baba yake bila hati yoyote. Mtu kama huyo ajali ikimkuta barabarani, sehemu moja ya mali yake huwa imejulikana kwake peke yake, na sehemu nyingine imejulikana kwa kila mtu isipokuwa mkewe.

Wengi wetu hudhani kwamba iko sheria moja ya mirathi, na kwamba hakimu akifungua kitabu ataiona. Haiko. Tanzania Bara hutumia sheria tatu kwa pamoja: mila za makabila, sheria ya Kiislamu, na Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo Waingereza walituletea na ambayo ingali ikitumika kwa wasiofuata mila wala Uislamu katika mambo yao. Mahakama hutazama mwenendo wa maisha ya marehemu, jinsi alivyoishi, alivyooa, alivyosema na alivyoabudu, ndipo iamue ni sheria ipi iwafae warithi wake. Mnyiha aliyebatizwa katika Kanisa la Moravian, aliyelipa mahari kwa desturi za babu zake na kufunga ndoa kanisani, akakaa Tunduma miaka mingi bila kuhudhuria kikao cha ukoo, aliishi kwa sheria gani? Jamaa wa baba watasema mila. Mjane atasema vingine. Na kesi itakula kile walichokuwa wakigombania.

Tofauti ya sheria hizo si ndogo. Kwa Uislamu, gharama za maziko na madeni hutangulia, kisha wasia usiozidi thuluthi, wala mrithi hausiwi ila kwa ridhaa ya warithi wenzake, na baki hugawanywa kwa mafungu yaliyofaridhiwa, ambapo mke hupata thumni ikiwa marehemu ameacha watoto, na rubui ikiwa hakuacha. Kwa sheria ya 1865, mjane mwenye watoto hupata theluthi moja, na theluthi mbili huwa za watoto, wa kiume na wa kike sawasawa. Ama kanuni za mila zilizoandikwa na Serikali mwaka 1963, katika Tangazo namba 436, kwa ajili ya makabila yanayofuata ukoo wa baba kama yalivyo mengi ya kwetu, humpa mwana wa kwanza wa kiume wa nyumba kubwa fungu kubwa kupita wote, zikafuata sehemu za ndugu zake wa kiume, na mabinti wakawa wa mwisho. Na mjane, maadamu marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake, hana fungu, ila fungu lake ni kutunzwa na watoto wake.

Yafikirini maneno hayo, enyi wenye mabinti. Wajane wawili wa Shinyanga, Wasukuma, ambao shemeji zao waliwaondoa pamoja na watoto wao katika nyumba walizoishi na waume zao, walikwenda Mahakama Kuu kupinga kanuni hizo. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba zinambagua mwanamke, lakini ikaona kuwa kubadili mila kwa hukumu moja ni kufungua mlango usiofungika. Rufaa ikatupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya utaratibu. Na ilipofika mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema kwamba nchi yetu ilivunja haki zao, na ikaiomba ibadili sheria. Karibu miaka kumi ya mashauri, na watoto waliotolewa wadogo walikuwa wamekwisha kukua pasipo nyumba ya baba yao.

Sisemi kwamba hatuna ngao. Sheria ya Ndoa ya 1971 imesema wazi kwamba mjane ni huru kukaa apendapo, na kuolewa na amtakaye au asiolewe kabisa, mila isemavyo vyovyote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imebatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi, na Sheria ya Mtoto ya 2009 imekataza mtoto kunyimwa manufaa ya mali ya mzazi wake. Sheria hizo ni njema, lakini mama aliyetolewa usiku na godoro lake hana nauli ya kuzifuata mahakamani Vwawa. Ndiyo sababu nasema kwamba ngao ya kwanza ni maandishi ya mwenye mali, na ya pili ni jirani aliyeyashuhudia.

Na sisi wa mpakani tuna jambo zaidi. Wanyamwanga hukaa huku na kule, na ndugu wawili wa tumbo moja yamkini mmoja amejenga Tunduma na mwenziwe Nakonde. Zambia, kwa sheria yake ya mwaka 1989, mtu wa huko mwenye kufuata mila akifa bila wasia, watoto wake hupata nusu ya mali, mjane sehemu ishirini katika mia, wazazi ishirini, na wategemezi wengine kumi, ingawa ardhi ya kimila imewekwa kando. Na kumnyang'anya mrithi mali yake kumefanywa kosa la jinai. Basi ndugu hao wawili wakifa mwaka mmoja, mjane mmoja huenda akapata fungu lililotajwa kwa hesabu, na mwingine akaambiwa atunzwe na watoto wake. Mwenye mali pande zote mbili, au mwenye mke huku na mke kule, kuacha kuandika ni kuwaachia watu wake fitina ya nchi mbili.

Wako wanaosema kwamba kuandika wasia ni uchuro, ni kujiitia mauti. Ndugu zangu wenye malori hulipa bima kila mwaka, wala sijamsikia mmoja wao akisema kwamba kwa kulipa bima ameita ajali.

Jambo linaloleta dhuluma nyingi kupita yote ni kutojua kazi ya msimamizi wa mirathi. Kikao cha ukoo hukaa, humpendekeza ami au mwana mkubwa, Mahakama ya Mwanzo humteua, naye akirudi nyumbani huifanya barua ya uteuzi kuwa hati ya kumiliki. Msimamizi si mrithi kwa sababu ya usimamizi wake. Yeye ni amini, aliyewekewa amana akusanye mali, alipe madeni, agawe, kisha atoe hesabu. Na katika Mahakama ya Mwanzo hupewa miezi minne kuleta orodha kamili ya mali na madeni. Asipoileta, mrithi yeyote, hata binti mdogo wa mwisho, ana haki ya kwenda kumlalamikia, na mahakama inaweza kumwondoa.

Wasia wenyewe si kazi ya matajiri wala ya mawakili peke yao. Kwa kanuni za mila, wasia wa mdomo hutaka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wa maandishi, kwa ajuaye kusoma na kuandika, hutaka mashahidi wawili wajuao kusoma, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, naye mke aliyepo nyumbani ashuhudie pamoja nao. Wasia wa mdomo haufuti wa maandishi. Andika tarehe, taja mali moja moja na mahali ilipo, taja madeni unayodai na unayodaiwa, taja ni sheria ipi unayoishi kwayo, na umtaje msimamizi. Aliye na watoto wadogo ataje mdhamini wa kuwashikia mali hadi wafike umri wa miaka 18. Na Mwislamu atakaye kisima au duka limnufaishe maskini daima dumu aweza kuliweka wakfu angali hai. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, hupokea wasia na kuutunza, ili usiliwe na mchwa wala kuibwa sandukuni.

Basi natoa wito. Kabla mvua hazijaanza, na fedha za kahawa zikiwa zingali mikononi, kila mtaa wa Tunduma na kila kijiji cha mkoa huu kiweke siku moja ya wasia, na waitwe wasaidizi wa kisheria, karani wa mahakama, mchungaji na shehe, wajibu maswali ya watu hadharani. Vyama vya ushirika vya kahawa, vikundi vya kuweka na kukopa, vyama vya madereva na wachimbaji wadogo vimwombe kila mwanachama alete bahasha iliyofungwa yenye nakala ya wasia wake. Koo zikutane na ziandike katika daftari la ukoo, kwa sahihi za wazee, azimio moja: kwamba mjane wetu hatatolewa nyumbani, wala funguo hazitachukuliwa mkononi mwake, hadi mirathi itakapogawanywa kisheria. Na wabunge wetu wa Songwe tuwapelekee barua, mtaa kwa mtaa, tukiwataka wasimame bungeni wadai kanuni za 1963 ziandikwe upya. Nasaha yangu kwa wenyeviti ni kwamba msingoje barua ya wilaya: tangazeni siku hiyo Jumapili makanisani na Ijumaa misikitini, mwaambie watu waje na vitambulisho, karatasi za mauziano ya viwanja, na majirani wawili wa kushuhudia.