Mazungumzo ya Nyumbani: Shahada na Daftari



Kila mwaka, majibu ya mtihani wa kidato cha sita yanapotoka, neno moja huzungumzwa katika nyumba nyingi, mara kwa furaha, mara kwa ugomvi. Kijana amefaulu, na baba yake ataka aende chuo kikuu. Lakini kijana asema, "Baba, mimi nataka kufanya biashara. Shahada itanifaa nini dukani?" Baba hujibu, "Mwanangu, mtu asiye na shahada siku hizi ni nani?" Mama hukaa kimya, kwa maana ajua ya kwamba ng'ombe amekwisha kupata mnunuzi, na fedha zake haziwezi kulipa ada na kuanzisha duka pamoja. Neno hili si dogo. Akiba ya nyumba yote imo ndani yake, na miaka mitatu au minne ya ujana wa mtoto. Basi mwezi huu na tulitazame polepole.

Kwanza yafaa tujue sheria yataka nini. Katika Tanzania, mtu atakaye kuanzisha biashara hupeleka jina lake kwa Wakala wa Usajili, hupata namba ya mlipa kodi, kisha huomba leseni. Katika milango hiyo yote hakuna amwulizaye, "Shahada yako i wapi?" Lakini ziko kazi ambazo mlango wake haufunguki bila elimu iliyothibitishwa. Mtu hawi wakili kwa bidii tu, wala hatibu wagonjwa kwa kipawa tu. Famasi haifunguliwi bila msimamizi aliye mfamasia aliyesajiliwa. Hata duka la dawa muhimu, la namna iliyoanzishwa mkoani Ruvuma mwaka 2003, ingawa halidai shahada, hudai muuzaji aliyefunzwa kazi hiyo. Basi kijana atakaye kazi ya namna hii na asipotezewe wakati kwa mabishano. Njia yake yapita chuoni.

Lakini wengi hawatafuti hayo. Wataka kuuza nafaka, kufuga kuku, kushona nguo, kutengeneza samani, kuoka mikate. Hao ndio tunaowanena leo.

Vijana hupenda kutuletea mfano wa Bill Gates wa Marekani, aliyeacha chuo kikuu cha Harvard mwaka 1975 akaanzisha kampuni ya Microsoft pamoja na rafiki yake Paul Allen. Habari hiyo ni kweli, lakini husimuliwa nusu. Nusu ya pili ni hii: alianza kujifunza kuandika programu za kompyuta mwaka 1968, angali mvulana wa miaka 13, kwa kuwa shule yake ilikuwa na mtambo ambao shule nyingi wakati ule hazikuwa nao. Alipotoka chuoni alikuwa ameishika kazi yake kwa miaka saba, na baba yake alikuwa wakili mwenye uwezo. Kama mambo yangeharibika, alikuwa na mahali pa kurudi. Yeye aliacha chuo akiwa na ufundi mkononi. Kijana wetu mara nyingine ataka kukiacha akiwa na hadithi tu.

Tuna mifano iliyo karibu zaidi. Huko Kenya alikuwako mwalimu, Nelson Muguku, ambaye mwaka 1957 aliacha kazi ya ualimu akaanza kufuga kuku, akiwa na majike wawili na jogoo mmoja. Hakuwa na shahada. Wakati ule mwalimu alikuwa mtu wa heshima kubwa, na kuacha mshahara kwa ajili ya kuku watatu kulionekana kuwa wazimu. Alipofariki mwaka 2010 alikuwa miongoni mwa wafugaji wa kuku wakubwa katika Kenya. Na hapa Tanzania, Said Salim Bakhresa, mzaliwa wa Unguja, aliacha shule akiwa na miaka 14, akauza viazi, kisha akaendesha mkahawa. Leo unga wenye jina la Azam wajulikana katika nchi nyingi.

Je, tuseme basi ya kwamba shahada haina faida? La. Mzee Reginald Mengi, aliyefariki mwaka 2019, alisomea uhasibu huko Uingereza na kuifanya kazi hiyo miaka mingi, kabla ya kuanza kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake. Tena itazameni Equity ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1984 iwe chama cha kukopeshea watu fedha za kujengea nyumba. Kufika mwaka 1993 madeni yalikuwa yameilemea hata ikahesabiwa kuwa imefilisika. Miongoni mwa walioiinua alikuwa James Mwangi, aliyesoma biashara katika Chuo Kikuu cha Nairobi na kuhitimu uhasibu. Na yule yule Muguku wa kuku baadaye akawa mmoja wa wenye hisa nyingi katika Equity. Hivyo fedha za mtu asiye na shahada zilikaa salama katika mikono ya mtu mwenye shahada. Walihitajiana.

Sasa, ni kitu gani kilicho sawa katika watu hao wote, waliosoma na wasiosoma? Wazee wetu walikwisha kukitaja: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tuseme yuko mama mmoja auzaye maandazi. Asubuhi anunua unga, sukari na mafuta kwa shilingi 20,000. Jioni ahesabu fedha zake, aona shilingi 27,000. Afurahi, asema, "Leo nimepata faida ya shilingi 7,000." Kwa kuwa faida ni 7,000, aona si vibaya kutwaa 2,500 kwa matumizi ya nyumbani. Lakini mkaa ulikuwa shilingi 3,000, nauli ya sokoni 1,600, na ushuru 500. Jumla ya hayo ni 5,100. Basi faida yake ya kweli ni shilingi 1,900, naye ametwaa 2,500. Kila siku ala shilingi 600 za mtaji wake bila kujua. Baada ya siku 30 ni shilingi 18,000. Mwisho wa mwezi mama huyu hana unga, naye asema, "Jirani ameniroga," au, "Biashara siku hizi ni mbaya." Biashara haikuwa mbaya, wala jirani hana kosa. Kilichokosekana ni daftari la senti chache na kalamu.

Hesabu hii haihitaji chuo kikuu. Mtoto wa darasa la saba aweza kuifanya. Hata hivyo wako watu wenye shahada ambao hawajaiandika hata siku moja, na maduka yao yamefungwa. Kwa hiyo neno letu ni hili: biashara haimwulizi mtu kama ana shahada, humwuliza kama aijua kazi yake, kama aijua hesabu yake, na kama watu wamwamini. Mambo hayo matatu yaweza kupatikana chuoni, yaweza pia kupatikana mahali pengine, lakini hayawezi kukosekana.

Basi wazazi wafanye nini? Twawapa mashauri manne.

La kwanza, kabla ya kuuza ng'ombe au kipande cha shamba, mwulizeni kijana, "Wataka biashara gani, na elimu yake hupatikana wapi?" Akijibu, "Biashara yo yote," bado hajafikiri. Akisema useremala, ushonaji, umeme au ufundi wa magari, viko vyuo vya VETA, vilivyowekwa kwa sheria ya mwaka 1994. Akitaka kiwanda kidogo, liko Shirika la SIDO, lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya kuwasaidia watu wa namna yake. Mafunzo ya miezi kadhaa yaweza kumfaa kuliko miaka mitatu ya elimu asiyoipenda.

La pili, mjaribuni kwa kidogo. Wakati wa likizo mpeni mtaji mdogo, ambao ukipotea nyumba haitalia, na daftari pamoja nao. Baada ya miezi mitatu msiulize faida kwanza, ulizeni daftari. Kijana aandikaye kila shilingi, hata ile aliyoipoteza, huyo aweza kuaminiwa kwa zaidi. Asiyeandika, hata akileta faida, bado hajaiva.

La tatu, msidhani ya kwamba mlango wa chuo ukifungwa leo haufunguki kesho. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992 ili watu wapate kusoma huku wakifanya kazi zao. Mtu aweza kuuza mchana na kusoma usiku. Na biashara ikikua, ikafika kwenye mikopo mikubwa, mikataba na kodi nyingi, ndipo mwenye duka aonapo kwamba ahitaji elimu zaidi, au kumwajiri mtu aliye nayo.

La nne, kijana akichagua chuo, asiende kutafuta karatasi ya kutundika ukutani. Na ajue ya kwamba mkopo wa serikali wa kulipia masomo ni deni la kweli. Utarudishwa, awe amepata kazi ya mshahara au biashara yake mwenyewe. Deni hilo nalo liandikwe katika daftari tangu siku ya kwanza.

Nanyi walimu, msiseme ya kwamba haya ni ya wazazi tu. Watoto wengi mnaowafundisha hawatafika chuo kikuu, lakini karibu wote watauza na kununua. Somo la hesabu lisiishie katika mafumbo ya vitabuni. Wafundisheni watoto kuandika yaliyoingia na yaliyotoka, na kutenga fedha za duka na fedha za nyumbani. Mtoto akitoka shuleni akiwa na desturi hiyo, mmempa urithi usioibiwa.

Na wewe baba, mnunuzi wa ng'ombe akija, mwambie angoje kidogo. Mwite kijana wako, keti naye, ukaandike pamoja naye katika karatasi moja gharama ya chuo, na katika karatasi ya pili gharama ya biashara anayoitaka. Kisha amueni mkiwa mmezisoma zote mbili.