Jumapili Moja Haimpi Mtu Namba

Kila Machi, soko la wachezaji wa ligi ya NFL ya Marekani linapofunguliwa, swali huwa lile lile. Yule kotabeki wa akiba aliyeng'ara mechi mbili tatu msimu uliopita, ameiva kuanza kila wiki? Mashabiki hugawanyika, wakala hupandisha dau, na mwisho wa yote hujitokeza tajiri mwenye timu akatia saini. Msimamo wetu ni kwamba jibu halimo katika mechi aliyong'ara. Klabu inayomlipa mtu mamilioni ya miaka minne kwa sababu ya mechi hiyo inarudia kosa lililokwisha kufanywa hadharani zaidi ya mara moja.

Chukua habari ya Matt Flynn. Tarehe 1 Januari 2012, Green Bay Packers walimpumzisha Aaron Rodgers, Flynn akapangwa dhidi ya Detroit Lions. Alirusha yadi 480 na pasi 6 za tachidauni, Packers wakashinda 45-41. Hadi siku hiyo hakuna kotabeki wa Packers aliyewahi kufika huko katika mechi moja. Si Rodgers, si Brett Favre, si Bart Starr. Miezi michache baadaye Seattle Seahawks wakamsajili kwa miaka 3, dola milioni 10 zikiwa za uhakika. Hakuanza hata mechi moja ya ligi akiwa Seattle. Kijana aliyechukuliwa raundi ya 3 ya drafti, yaani zamu za klabu kuchagua wachezaji wapya, Russell Wilson, alimzidi katika mechi za maandalizi ya Agosti, na kocha Pete Carroll akawa na ujasiri wa kumpa kijana namba bila kujali nani analipwa nini. Februari 2014 Wilson aliwapa Seahawks ubingwa. Flynn alikuwa ameshauzwa Oakland.

Flynn hakubahatisha siku ile. Alicheza vizuri kweli. Lakini kotabeki ndiye anayepokea mpira karibu kila shambulio linapoanza na kuamua uende wapi, na wapinzani wanaomkuta mara ya kwanza hawajui tabia zake. Mpe mechi nne au tano za kuanza, makocha wa ulinzi watakuwa wamekesha na picha zake. Watajua hukimbilia upande gani akibanwa, hufanya nini mpokeaji wake wa kwanza akizibwa, na kama hukaa na mpira mkononi sekunde moja zaidi ya inavyotakiwa. Kuanzia hapo ndipo mtihani wake unapoanza, na wengi wa akiba hupewa sifa kabla hawajaufikia.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha. Msimu ukishaanza, hata klabu yake mwenyewe huwa haimjui vizuri. Mazoezi ya kikosi cha kwanza karibu yote ni ya yule anayeanza. Kotabeki wa akiba kazi yake ya wiki nzima ni kumwigiza mpinzani ajaye ili mabeki wa timu yake wajiandae. Anarusha mipira ya mfumo wa watu wengine, pamoja na wenzake wa benchi. Makubaliano ya ligi na chama cha wachezaji ya mwaka 2011 yalipunguza mazoezi ya kuvaa pedi hadi 14 kwa msimu mzima wa kawaida. Tunaunga mkono hatua hiyo, kwa kuwa miili ya wachezaji ilikuwa inaumia bure. Hata hivyo imemwachia mtu wa akiba nafasi ndogo zaidi ya kujifunza, halafu siku mkubwa wake akivunjika tunamtaka acheze kama aliyekuwa akiandaliwa mwaka mzima.

Brock Osweiler aliingia kwenye mtego huo mwaka 2015. Peyton Manning aliumia, Osweiler akaanza mechi 7 za Denver Broncos na kushinda 5, nyuma yake ikiwepo safu ya ulinzi iliyokwenda kubeba Super Bowl msimu huo huo. Houston Texans wakatoa dola milioni 72 kwa miaka 4. Kanuni za wakati ule ziliruhusu timu kuzungumza na wakala tu katika siku za mwisho kabla ya soko kufunguliwa. Kumketisha mchezaji mwenyewe na kumuuliza anavyousoma mchezo haikuruhusiwa. Akarusha tachidauni 15 na kunaswa pasi 16, Desemba akawekwa benchi. Machi 2017 Texans waliwapa Cleveland Browns nafasi ya raundi ya 2 ya drafti ili tu wamchukue yeye na mshahara wake.

Matt Cassel naye alirithi mwaka 2008 timu ya New England Patriots iliyotoka kushinda mechi zote 16 za msimu wa kawaida. Tom Brady alipoumia goti katika mechi ya kwanza, Cassel alianza zilizobaki, akashinda 10 na kupoteza 5. Alipokwenda Kansas City, ambako hakukuwa na Randy Moss wala Wes Welker wa kumpokea, klabu ilimaliza msimu wa kwanza na ushindi mara 4.

Kocha mwerevu anaweza pia kulificha jibu. Septemba 2024 Malik Willis alikuwa na wiki chache tu Green Bay, amenunuliwa kutoka Tennessee kwa nafasi ya raundi ya 7, mara kotabeki wa kuanza Jordan Love akaumia. Kocha Matt LaFleur alimpunguzia mzigo. Dhidi ya Indianapolis Colts, Packers walikimbia na mpira yadi 261, na Willis akarusha mara 14 tu, 12 zikafika. Walishinda 16-10, na wiki iliyofuata wakashinda tena. Tunampa heshima zote Willis na kocha wake. Lakini pasi 14 hazituelezi mtu huyo atafanya nini timu ikiwa nyuma kwa pointi 10 na kila aliyeko uwanjani anajua mpira utarushwa.

Wapo watakaotuuliza kuhusu Brady wa 2001, aliyeingia kotabeki wa kuanza wa Patriots, Drew Bledsoe, alipoumia akaishia kubeba kombe. Wasisahau kwamba Oktoba mwaka ule, kule Denver, Brady alinaswa pasi 4 katika mechi moja. Novemba Bledsoe alipona, na kocha Bill Belichick bado akatangaza kwamba Brady ndiye wa kuanza hadi mwisho. Alikuwa ameshamtazama kwa wiki nyingi, zikiwemo zile mbaya.

Mfano tunaotaka klabu ziufuate ni wa Love. Packers walimchukua mwaka 2020, wa 26 katika drafti, na msimu wa kwanza hakuvaa jezi hata mechi moja. Novemba 2021 Rodgers alikosekana kwa sababu ya Uviko, Love akaanza kule Kansas City. Wenyeji Chiefs walimtumia watu wengi wa kumvamia mfululizo, akabanwa, akapoteza 13-7. Watu walisema amekwisha. Packers hawakumtupa, wala hawakumpa utajiri alipoingia Philadelphia mwishoni mwa 2022 na kucheza vizuri kwa muda mfupi. Mei 2023, Rodgers alipokwisha kwenda New York, walimwongezea mwaka mmoja wa mkataba, uhakika ukiwa dola milioni 13.5, wakampa kikosi cha kwanza tangu siku ya kwanza ya maandalizi.

Haikuwa rahisi. Kati ya mwisho wa Septemba na mwisho wa Oktoba walipoteza mechi 4 mfululizo. Baada ya mechi 9 alikuwa na ushindi 3. LaFleur hakumgusa. Katika mechi 8 zilizobaki alirusha tachidauni 18 na kunaswa mara 1 tu. Mwezi Desemba Chiefs wale wale walikuja Green Bay, wakiwa na kocha wa ulinzi Steve Spagnuolo aliyekuwa amemtesa Love miaka miwili nyuma. Love akarusha tachidauni 3, Packers wakashinda 27-19. Mechi hiyo ina uzito kuliko yadi zote 480 za Flynn, kwa sababu mpinzani alikuwa na kila sababu ya kuamini anajua namna ya kumzima. Julai 2024 klabu ikampa dola milioni 220 kwa miaka 4, na wakati huo hakuna aliyeweza kusema wanabahatisha.

Basi kwa klabu inayomtamani kotabeki wa akiba mwaka huu, tunasema mkataba uwe mfupi, wenye nyongeza anazoweza kuzipata kwa kucheza. Apewe kikosi cha kwanza kuanzia maandalizi ya masika, asisubiri mwenzake aumie. Kabla ya kumwongezea hata mpokeaji mmoja wa bei, klabu itazame safu itakayomlinda. Kama yupo kijana wa drafti anayempita Agosti, kijana aanze, kama Carroll alivyoamua. Kama hayupo, namba iwe yake msimu mzima wa mechi 17, na akipoteza nne mfululizo mwezi Oktoba, aanze ya tano.